Kamba, Mawe na Vijiti

Tumchukue mtoto wa mfano, aliyezaliwa Masisi, mashariki ya Kongo, mwaka 1990. Simpi jina, wangeitika wengi mno. Alikuwa na miaka mitatu Machi 1993, soko la Ntoto huko Walikale liliposhambuliwa na mapigano ya kikabila yakapanda milima hadi kwao. Alikuwa na minne wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Kivu baada ya mauaji ya kimbari, wakiwa wamechanganyika na wenye silaha walioyafanya mauaji hayo. Akiwa na sita vikaja vita vya waasi wa AFDL, akiwa na minane vya waasi wa RCD. Alipofika kumi na saba, kundi la CNDP la Laurent Nkunda lilikuwa limejikita katika malisho ya Masisi, na kijana wa umri wake akikutwa njiani alikuwa ama wa kuandikishwa ama wa kushukiwa. Mwaka 2012, kundi la waasi la M23 lilipoiteka Goma kwa siku chache, yeye alikuwa anapata mtoto wa kwanza. Januari 2025 Masisi-centre ikaanguka mikononi mwa kundi hilohilo. Machi ikafuata Walikale-centre, kwa wiki mbili hivi, kabla M23 haijaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mtoto wake sasa ana umri ambao makundi huanza kumtazama mvulana kwa jicho la kumbebesha risasi.

Nimeipanga miaka hii kwa mstari mmoja kwa sababu vitabu vingi vya saikolojia huzungumzia utoto kana kwamba ni jambo lililokwisha: mtu mzima yuko salama, amekaa kitini, anaangalia nyuma. Hata utambuzi wa ugonjwa wenyewe wa kiwewe ulitokana na watu wa namna hiyo. Ulipoingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, walioupigania zaidi walikuwa askari waliorudi kutoka Vietnam. Vita vilibaki ng'ambo, wao wakarudi kwao. Mtu wa Masisi amerudi kwao mara nyingi, na vita humkuta hukohuko.

Ndiyo maana ukitaja tiba ya mazungumzo mbele ya watu wenye busara zao, Goma au Kinshasa, jibu la kwanza huwa moja: kwanza amani. Kwanza chakula, kwanza barabara, mambo ya moyo yatafuata. Ni jibu la heshima, na mtu akilitoa huonekana anajali. Mimi naona si sahihi. Sura hii inaeleza kwa nini, na kwa sehemu kubwa hoja zangu zinatoka hapohapo Kivu.

Kwanza dalili, kwa ufupi, maana kila mwalimu wa Mweso au Pinga anazijua hata kama hajawahi kuzipa jina. Mtoto wa miaka tisa anaanza tena kukojoa kitandani. Mwingine mvua ikipiga bati anaingia chini ya meza. Mwingine hasomi, macho yako ubaoni, kichwa kimebaki msituni. Wapo wanaocheza vita kwa bunduki za mgomba mchezo uleule kila siku, na mwisho wake haubadiliki. Wakikua, dalili hubadili sura: usingizi wa kushtukashtuka, hasira inayolipuka juu ya kijiko kilichoanguka, pombe, moyo kwenda mbio bila sababu, kujitenga. Watu husema ana mawazo mengi. Wengine husema amerogwa, na hapo safari ya kwenda chumba cha maombi huanza. Sina ugomvi na chumba cha maombi kinapompa mtu watu wa kukaa naye usiku. Kinapomwambia kwamba ana pepo, kimemwongezea mzigo.

Utafiti maarufu kuhusu madhara ya utotoni, wa Vincent Felitti na Robert Anda, ulianza kuchapishwa mwaka 1998 na kwa jumla ulihusisha watu zaidi ya 17,000 wa California. Ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopatwa na mabaya mengi utotoni, ndivyo hatari yake ya maradhi ya mwili na ya moyo inavyopanda ukubwani. Orodha yao ilikuwa na vipigo, ulevi wa mzazi, mzazi kufungwa jela. Vita havikuwamo. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza dodoso la nchi nyingine ikabidi liongeze maswali kuhusu ghasia za makundi. Ukilijaza dodoso hilo Nyabiondo, huenda kalamu isinyanyuke hadi ukurasa wa mwisho.

Sasa tuingie chumbani.

Tiba ninayotaka kuionyesha kwa karibu ilitungwa na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani: Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Waliitunga kwa ajili ya watu wa vita wasio na muda wa kukaa miaka kwenye matibabu, na tangu mwanzo waliijaribu kambini na si kliniki za Ulaya. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, walionyesha kwamba mkimbizi aliyefunzwa vizuri anaweza kuitoa kwa mkimbizi mwenzake. Vifaa vyake ni kamba, mawe na maua. Kwa waliowahi kubeba silaha huongezwa vijiti.

Kijana anapewa kamba. Anaambiwa aweke ncha moja sakafuni: hapo ndipo ulipozaliwa. Anaitandaza polepole, mwaka baada ya mwaka, na kila penye jambo kubwa anaweka kitu. Ua ni kwa lililo jema: ng'ombe wa kwanza aliyekabidhiwa kuchunga, bibi aliyemwekea maziwa ya mgando, siku alipopanda darasa. Jiwe ni kwa baya lililompata. Anachagua mwenyewe ukubwa wa jiwe, na mshauri hamsemeshi. Kijiti ni kwa baya alilolitenda yeye. Ncha ya pili ya kamba haitandazwi yote. Inabaki imekunjwa, maana miaka mingine bado inakuja.

Siku hiyo ya kwanza hakuna kusimulia kwa kina. Ni kupanga tu. Na kupanga huko, ukiuliza wanaofanya kazi hii, ni nusu ya dawa. Kumbukumbu ya kawaida hukaa na mahali pake na wakati wake: ilikuwa msimu wa maharagi, tulikuwa Kitchanga. Kumbukumbu ya hofu kubwa huvunjika vipande. Inabaki harufu, mlio, ubaridi wa tumbo, rangi ya buti, lakini haijui ilitokea lini. Kwa kuwa haina tarehe, kila inapochokozwa hutokea upya, leo, hapa. Kuikimbia hakusaidii. Kadiri mtu anavyoikwepa ndivyo anavyoziacha njia nyingi zaidi: hapiti sokoni, hali nyama, halali upande wa mlango.

Kuanzia kikao cha pili wanarudi kwenye kila jiwe, kwa mfuatano wa miaka, bila kuruka. Mazungumzo huenda kwa mtindo huu.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni mwa jiko, mama."

"Kulikuwa na harufu gani?"

"Viazi. Vilikuwa vinaungua, hakuna aliyevitoa."

"Na sasa hivi, hapa tulipo, mwili unasemaje?"

"Mikono imekuwa baridi."

"Ilikuwa baridi siku ile pia?"

"Siku ile sijui. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu."

"Na leo umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

Mshauri anavuta muda. Hamharakishi kijana kufika kwenye damu, wala hamruhusu aishie mlangoni. Anashona kipande kwa kipande: ulichoona, ulichosikia, ulichofikiri, mwili ulivyokuwa, kisha kila mara anamrudisha kwenye leo, kwenye kiti hiki, kwenye mikono iliyo mitupu. Hofu inapanda, inafika kilele, na kikao hakifungwi kabla haijaanza kushuka. Hilo ni sharti. Mshauri anayefunga kikao hofu ikiwa juu kwa sababu saa imefika amemdhuru mtu. Baadaye anaandika simulizi, na kikao kinachofuata huanza kwa kumsomea kijana maneno yake mwenyewe, arekebishe palipokosewa.

Vijiti ndivyo vigumu. Kivu Kaskazini tuna neno kadogo tangu 1996, kwa watoto waliobebeshwa bunduki, na tumezoea kuwaita waathiriwa tu. Ni waathiriwa kweli. Lakini Elbert na wenzake, waliozungumza na wapiganaji wengi wa eneo hili, waligundua jambo ambalo mashirika hayapendi kulisema kwenye mabango: baadhi ya vijana walifika mahali pa kufurahia kushambulia. Ilikuwa njia ya mwili kustahimili. Aliyekuwa akiogopa hadi kujikojolea aligundua siku moja kwamba akiwa mshambuliaji haogopi. Mshauri akikunja uso hapo, kijana anafunga mdomo, na sehemu hiyo ya maisha inabaki gizani inakomfundisha kwamba yeye ni mnyama. Mshauri akivumilia, kijana anaanza kuona kwenye kamba kwamba kijiti cha kwanza kimelala baada ya mawe mangapi. Hakipotei. Kinapata mahali pake.

Toleo hili la wapiganaji lilijaribiwa Goma, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013: vijana wa kiume waliopata tiba walipungukiwa na dalili za kiwewe kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kituo. Mwaka 2019 yakachapishwa ya wasichana na wanawake wa mashariki ya Kongo waliokuwa askari watoto. Kwao dalili zilishuka na ukali pia. Kuna jaribio la tatu ambalo si la Konstanz bali la Paul O'Callaghan wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast. Huko Beni, wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17 waliopitia ukatili wa kingono waligawanywa kwa kura, wengine wakaingia kwenye vikao 15 vya kikundi, wengine wakasubiri. Walioendesha vikao walikuwa Wakongo, watu wa huduma za jamii, si madaktari. Waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliosubiri.

Lakini utafiti ninaoushikilia zaidi ni wa wanawake, kwa sababu huo ndio unaoijibu hoja ya "kwanza amani". Ulichapishwa Juni 2013 na Judith Bass wa Johns Hopkins na wenzake, ukifanywa pamoja na shirika la IRC katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini. Wanawake 405, walionusurika ubakaji au walioushuhudia, wote wakiwa na dalili nzito. Katika vijiji saba walipata tiba ya kikundi: kikao kimoja cha peke yake, kisha 11 vya pamoja. Katika vijiji vinane walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliotoa tiba walikuwa washauri wa kijijini, wale tunaowaita APS, wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi. Wengi wa wanawake hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yaliyokuwa ya kuandika yalirahisishwa wayashike kwa kichwa. Kazi yenyewe ilikuwa kuzitafuta fikra zilizokwama: ni kosa langu, nisingeenda shamba siku ile, mimi ni mchafu, hakuna mtu wa kuaminika. Kisha kuziuliza, moja moja, mbele ya wenzio wenye fikra hizohizo: wewe ulikwenda shamba kufanya nini? Kulima. Kulima ni kosa? Swali la namna hiyo likitoka kwa jirani aliyeingia shambani asubuhi ileile lina uzito ambao daktari hawezi kuuleta.

Miezi sita baada ya tiba, wanawake waliobaki na dalili za kutosha kuhesabiwa kuwa na sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya kikundi. Katika vijiji vingine walikuwa asilimia 42. Na wakati wote huo vijiji viliendelea kushambuliwa, kuporwa na kukimbiwa. Hakuna aliyewasubirisha wanawake hao mpaka vita viishe, nao walipona kwa kiasi ambacho hospitali ya Ulaya ingejivunia.

Msomaji atauliza: hao ni watu wazima, utoto uko wapi? Uko mapajani mwao. Mama asiyelala, anayeshtuka mtoto akimgusa mgongoni kwa ghafla, anamlea mtoto huyo ndani ya hofu ambayo mtoto hakuiona ikianza. Wengine wanalea watoto waliozaliwa na ubakaji, na kijiji kizima kinajua. Kumtibu mama huyo ni kumkinga mtoto, na nathubutu kusema katika Masisi ya leo ndiyo njia iliyo karibu kuliko zote.

Hofu ya akina mama hao inanipeleka Walikale, kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, Luvungi na vijiji vya jirani vilizingirwa na wapiganaji wa makundi yenye silaha. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Humo mlikuwa na wasichana 55 na wavulana 9. Aliyekuwa mkuu wa mojawapo ya makundi hayo, Ntabo Ntaberi Sheka, alijisalimisha mwaka 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Miaka kumi. Msichana aliyekuwa na miaka kumi siku zile alikuwa mwanamke mzima hukumu iliposomwa. Mahakama ilifanya kazi yake, kazi kubwa, lakini hakimu hawezi kumuuliza mtu mikono yake iko baridi kiasi gani.

Kuna jambo ambalo kamba ya chumbani peke yake haiwezi. Kijana aliyepona anarudi kijijini ambako bado anaitwa muuaji; msichana anarudi ambako bado wanamcheka kisimani. Wanyanga wa Walikale waliwahi kulifikiria jambo hili kabla ya saikolojia kuzaliwa. Katika utenzi wao wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliuandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mtambaji Shekarisi Rureke, baba mtemi ameamuru wake zake wazae mabinti tu. Anazaliwa mvulana, Mwindo. Baba anamrushia mikuki, anamzika hai, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto anaokoka, anakua, anamfuata baba yake hadi kuzimu. Msomaji wa leo angetarajia kisasi. Badala yake wanarudi pamoja kijijini kwao Tubondo, watu wote wanakusanywa, na baba anakiri mbele yao, moja baada ya jingine, aliyomtenda mtoto. Shangazi Iyangura anasimama na kumkemea kaka yake hadharani. Baada ya hapo ndipo Mwindo anatawala.

Sidai kwamba watunzi wa Konstanz walimsoma Mwindo. Lakini Anke Köbach, Katy Robjant na wenzao, walipofanya kazi katika vijiji vya Kivu Kaskazini na kuchapisha matokeo mwaka 2022, walifika karibu na uwanja uleule wa Tubondo. Kwanza walitibu mtu mmoja mmoja. Kisha, kwa idhini ya wenyewe, wakatoa sehemu za simulizi, majina yakiwa yamefutwa, na kuzileta kwenye mikutano ya kijiji: hili lilitokea hapa kwetu, kwa wanawake wetu, kwa wanaume wetu, kwa watoto tuliowatuma au kuwaacha wachukuliwe. Kijiji kikajadili. Dharau kwa walionusurika na mashaka juu ya simulizi zao vilipungua. Kwangu huo ni uthibitisho kwamba aibu haikai ndani ya mtu mmoja hata siku moja. Kijiji huitunza kwa pamoja, na kwa pamoja huiachia.

Yapo yasiyofaa, nayo yanafanywa sana. Gari linakuja, watoto wanakusanywa chini ya mti, wanaambiwa wasimulie yaliyowapata, picha zinapigwa, gari linaondoka. Kumfungua mtu mara moja bila kumfunga vizuri ni kumwongezea maumivu, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri kwamba kikao kimoja cha kumlazimisha mtu asimulie mara baada ya msiba kisitumike. Siku za mwanzo mtoto anahitaji mzazi wake atafutwe, alale palepale kila usiku, shule ifunguliwe hata chini ya turubai, mtu mzima mmoja asiyebadilikabadilika. Wengi watatulia kwa hayo tu. Tiba ya kamba ni ya wale ambao miezi imepita na usiku wao haujabadilika. Dawa za usingizi zinazouzwa kiholela kwenye vibanda nazo si jibu. Zinamlaza mtoto na kuiacha hofu imekaa macho.

Ugumu wa sasa ni wa namna nyingine. Februari 2025 M23 iliwaamuru waliokimbilia kambi za pembezoni mwa Goma, kama Bulengo, warudi walikotoka, na wengi wakapanda tena kuelekea Masisi. Mtu aliyekuwa kikao cha nne akajikuta Mushaki, mshauri wake yuko Goma. Mwaka huohuo Marekani ikalifunga shirika la USAID, lililokuwa mlipaji mkubwa wa misaada ya kibinadamu Kongo, na mishahara ya APS wengi ilitegemea fedha za namna hiyo. Hapa ndipo hoja ya kufundisha watu wa vijijini inapoacha kuwa ya kubana matumizi. Mshauri aliyezaliwa Lushebere na anayelima Lushebere akikimbia, anakimbia na watu wake, na kikao cha tano kinaweza kufanyika watakapotua.

Anakimbia pia na mawe yake mwenyewe. Wanaofundisha tiba hii wanalijua hilo, na mafunzo yao yana desturi moja: washauri hufanyiana wao kwa wao kabla hawajamgusa mgonjwa. Mmoja anatandaza kamba yake, mwenzake anauliza alikuwa amesimama wapi. Katika darasa la Kivu Kaskazini anayeuliza anaweza kuwa Mhunde na anayejibu Mhutu, au Mnyanga na Mtutsi, na jiwe kubwa la mmoja likaangukia mwezi uleule na kilima kilekile na la mwingine. Msimamizi wa mafunzo huacha muda mrefu kwa ajili ya siku hiyo, wala hapangi somo jingine mchana wake.